Haijazima, Imezimia: Historia Fupi ya Ile Taa Nyekundu

Chukua rimoti iliyo karibu nawe uangalie kile kitufe cha juu. Kina duara lililokatika sehemu ya juu, na kijistari kimesimama kwenye mwanya huo. Wengi wetu tumekua tukijua hiyo ni alama ya kuwasha na kuzima. Lakini Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, IEC, ilipopanga alama za mashine ilizipa maana nne tofauti. Mstari peke yake ni kuwasha. Duara peke yake ni kuzima. Mstari ndani ya duara kamili ni kitufe kimoja kinachowasha na kuzima kabisa. Duara lililokatika lilikuwa na kazi nyingine: lilimaanisha kungoja. Mashine haijazima, iko macho nusu, inasubiri kuitwa.

Watu hawakuwahi kuielewa hiyo tofauti. Mwaka 2004 wahandisi wa IEEE kule Marekani walitoa kiwango nambari 1621, wakasema duara lililokatika sasa lisomwe tu kama alama ya pawa. Ni kama walisema, basi yaishe. Tangu hapo kitufe cha kungoja na kitufe cha kuzima ni kitu kimoja machoni petu, ingawa ndani ya mashine si kitu kimoja.

Kiswahili kinatusaidia hapa. Moto ukizima, umekwisha. Mtu akizimia, bado anapumua, moyo bado unadunda, na ukimwita vizuri anaweza kuamka. TV iliyo sebuleni mwako saa hii, yenye kile kitaa chekundu, haijazima. Imezimia. Na aliyezimia bado anatumia damu.

Nataka kusimulia jinsi mashine zetu zilivyofika hapo. Si kwa sababu kitaa chekundu ni ajabu sana, bali kwa sababu kila nyumba niliyowahi kuishi tokeni zikiisha mapema kuna mtu analaumiwa. Mtoto aliyeacha taa. Dada wa kazi aliyepiga pasi nguo za wiki nzima. Jirani mwenye koili. Historia inaonyesha kwamba kuna mtu mwingine aliyefaa kuwa kwenye hiyo orodha, na huwa hatajwi.

*

Zamani kuzima kulikuwa kukata. Televisheni ilipoanza Kenya mwaka 1962, seti yenyewe ilikuwa sanduku zito lenye kinobu. Ukikizungusha kinafanya "ka!", na hapo waya wa stima umekatwa kweli. Ndani hakuna kinachoendelea. Shida ilikuwa wakati wa kuwasha. TV za enzi hizo zilitumia vali, vile vichupa vya kioo vyenye waya ndani unaowaka kama balbu ndogo. Mpaka vali zipate joto, hakuna picha. Unawasha, unakaa, unangoja. Kumbe wakati huo aliyengoja alikuwa binadamu.

Miaka ya 60 watengenezaji wa Marekani wakaona hapo pana biashara: TV inayowaka papo hapo. Siri yake haikuwa kubwa. Hata ukiizima, waya za ndani ya vali ziliendelea kupitishiwa stima kidogo zisipoe. Ilikuwa kama kuacha sufuria kwenye jiko la makaa usiku kucha ili chai ya asubuhi isichelewe. Wenyewe wako kazini, stima inaenda. Wamelala, inaenda. Wamesafiri wiki mbili, inaenda. Mtu alikuwa ameamua kwamba sekunde chache za kungoja zina thamani kuliko stima ya siku nzima, na aliyeamua siye aliyekuwa akilipa bili.

Halafu ikaja 1973. Nchi za Kiarabu zinazouza mafuta zilikata mauzo kwa Marekani na washirika wake, na ndani ya miezi michache bei ya mafuta ikapanda karibu mara nne. TV inayokula stima ikiwa "imezimwa" ikaanza kuonekana ni aibu. Zaidi ya hapo, transista zilikuwa zinachukua nafasi ya vali, na transista haihitaji kupashwa joto. Hadithi ingeishia hapo.

Ila kulikuwa na rimoti.

Kampuni ya Zenith ya Chicago ilikuwa imeuza rimoti ya waya mwaka 1950. Mwaka 1955 mhandisi wake Eugene Polley akatoa ya mwanga, kama tochi unayoielekeza kwenye pembe za kioo cha TV. Ilikuwa na kasoro moja: jua likiingia dirishani, TV nayo inadhani imeamriwa. Mwaka uliofuata Robert Adler akatoa nyingine iliyotumia sauti isiyosikika kwa sikio la mtu. Ukibonyeza, nyundo ndogo inagonga kijiti cha aluminiamu. Rimoti hiyo haikuwa na betri hata moja.

Lakini fikiria upande wa pili. Ili TV isikie amri ya "washa", lazima sehemu yake moja iwe imeshawaka. Sikio halilali. Hii ndiyo kanuni nzima, na haijabadilika hadi leo hata baada ya rimoti kuhamia mwanga usioonekana, ule wa infraredi. Kila unapotaka mashine ikusikie ukiwa umekaa kwenye kochi, unalipa mlinzi akeshe mlangoni. Swali pekee ni huyo mlinzi anakula kiasi gani.

*

Miaka ya 80 na 90 walinzi waliongezeka nyumba baada ya nyumba. Deki ya video ilikuja na saa, ile iliyomulika 12:00 miaka nenda miaka rudi kwa sababu hakuna aliyejua kuiseti. Maikrowevu nayo ikaja na saa. Redio za kaseti, mashine za kupokea simu, printa, kompyuta. Na vile viboksi vyeusi vizito vya kuchomeka ukutani. Ndani ya kiboksi mlikuwa na transfoma, chuma kilichozungushiwa waya wa shaba, na transfoma hunywa stima muda wote ikiwa imechomekwa, hata kama kifaa chenyewe umekiondoa. Kiguse: kina joto. Joto hilo umelinunua, na hukuwa unalihitaji.

Jambo la kushangaza ni kwamba kwa muda mrefu hakuna aliyehesabu. Makampuni ya umeme yalijua friji inakula ngapi na hita inakula ngapi. Vitu vilivyozimwa havikuwa kwenye jedwali, kwani vilikuwa vimezimwa. Mwaka 1993 mtafiti wa Sweden, Eje Sandberg, aliandika kuhusu vifaa vya nyumbani vinavyovuja umeme. Neno hilo, kuvuja, lilibeba picha ambayo kila mtu anaielewa: mfereji unaodondosha tone moja moja. Tone moja si kitu. Weka ndoo chini yake ulale, asubuhi ndoo imejaa.

Upande wa California, Alan Meier wa maabara ya Lawrence Berkeley alianza kuyafuata matone hayo kwa kipimo. Yeye na Jonathan Ross walipima nyumba 10 za kawaida. Kwa wastani kila nyumba ilikuwa inavuja wati 67. Iliyovuja kidogo kabisa ilikuwa na wati 14, iliyozidi zote wati 169. Kulingana na nyumba, hiyo ilikuwa kati ya asilimia 5 na asilimia 26 ya stima yote ya mwaka.

Hebu tuiweke kwa lugha ya tokeni. Wati 67 saa 24 kwa siku 30 ni uniti 48. Kuna keja nyingi Nairobi ambazo uniti 48 zinatosha mwezi mzima, pamoja na taa, TV, simu na pasi. Nyumba ya California ilikuwa inapoteza hizo kabla mtu hajagusa swichi.

*

Meier hakuwaambia watu wachomoe plagi. Hapa ndipo nampendea. Mwishoni mwa miaka ya 90 alileta pendekezo rahisi kiasi kwamba mtoto angelielewa: kifaa chochote kikiwa kinangoja, kisizidi wati 1. Alikuwa na hoja ya kiufundi. Zile transfoma nzito zilikuwa zinaanza kubadilishwa na saketi ndogo zinazokata stima na kuiunganisha maelfu ya mara kwa sekunde, zikichukua tu kiasi kinachohitajika. Kazi ileile ya kumsubiri mtu na rimoti ingeweza kufanywa kwa sehemu ndogo ya stima, na tofauti ya gharama kiwandani ilikuwa ndogo mno. Kwa nini basi haikufanywa? Kwa sababu kiwanda kikitumia senti chache zaidi, kiwanda ndicho kinacholipa. Kisipozitumia, unalipa wewe, miaka yote ya maisha ya kifaa. Na dukani hakuna mnunuzi anayeuliza TV inakula ngapi ikiwa imezimwa.

Mwaka 1999 Shirika la Kimataifa la Nishati, IEA, lenye makao Paris, lililichukua pendekezo la wati 1 na kuanza kuzisukuma nchi wanachama zilifuate.

Kipindi hichohicho Kenya ilikuwa gizani. Mvua zilikuwa zimekosa, mabwawa ya mto Tana kuanzia Masinga yakashuka, na mwaka 2000 stima ikawa ya mgao mkali. Viwanda vilifanya kazi kwa ratiba, nyumba zikarudi kwa mshumaa na taa ya chemni, na serikali ikakodi jenereta za dizeli za dharura. California nayo, nchi ya kompyuta, ikaingia kwenye mgao wake mwaka uleule hadi 2001, kwa sababu nyingine kabisa: soko la umeme lililovurugika. Sehemu mbili za dunia ziliwasha mishumaa kwa wakati mmoja. Sisi tulijifunza kwamba hatuna stima ya kutosha. Wao, pamoja na hilo, walijifunza kwamba kuna stima waliyokuwa nayo na ilikuwa inadondoka.

Juni 2001 Rais George W. Bush alisimama mbele ya wafanyakazi wa wizara ya nishati akazungumzia chaja na vifaa vinavyonyonya umeme, akaviita wanyonya damu. Sisi tungesema mumiani. Na hapo kuna kichekesho cha kwetu: Nairobi na Kampala za wakati wa ukoloni, uvumi wa wanyonya damu uliwaangukia wazimamoto, watu wa gari jekundu. Mnyonyaji alikuwa mtu ambaye jina la kazi yake lilikuwa kuzima. Julai 31 mwaka huo Bush alitia saini amri ya rais nambari 13221: ofisi za serikali kuu zikinunua vifaa, zitafute vinavyotumia wati 1 au chini ya hapo vikiwa vinangoja.

Amri hiyo haikumgusa mwananchi yeyote nyumbani kwake, ila serikali ya Marekani ni mteja mkubwa. Kiwanda kinachotaka kumuuzia printa hakitengenezi mbili, moja ya serikali na moja ya mama fulani wa Ohio. Kinabadilisha zote.

Ulaya ikaenda mbali zaidi. Kanuni nambari 1275 ya mwaka 2008 ilisema kuanzia Januari 2010 kifaa cha nyumbani kikiwa kinangoja kisipite wati 1, au 2 kama kinaonyesha saa au maandishi. Kuanzia 2013 kiwango kikakatwa nusu. Korea Kusini nayo ilikuwa imejiwekea mwaka 2010 kuwa mwisho wa kuvuka wati 1. Kwa Ulaya, ukivuka, huuzi.

Na ikawa. TV ya leo kutoka kiwanda kinachoheshimu viwango inangoja kwa nusu wati au chini. Chaja ya simu iliyo ukutani bila simu inakula kiasi kidogo hata kuliko hapo, ndiyo maana ukiigusa iko baridi. Huko Ulaya hakuna aliyekuwa amewabadilisha watu tabia. Wazazi hawakupiga kelele zaidi, watoto hawakuwa watiifu zaidi. Kilichobadilika ni saketi, kwa sababu sheria ilimfuata aliyeichora.

*

Lakini mlinzi alipopunguziwa chakula, alikuja mwingine mlafi kumshinda.

Kifaa kilichounganishwa na mtandao hakingoji rimoti tu. Kinangoja setilaiti, kinangoja seva, kinangoja programu mpya ya saa nane usiku. Dekoda ndiyo mfano mbaya kuliko yote. Mwaka 2011 shirika la mazingira la Marekani, NRDC, lilitoa hesabu ya visanduku vya TV vya nchi hiyo: vilikuwa kama milioni 160, na mwaka 2010 vilikula uniti bilioni 27. Theluthi mbili ya hiyo ililiwa wakati hakuna aliyekuwa akitazama. Theluthi mbili ya bilioni 27 ni bilioni 18. Kenya nzima, na viwanda vyake vyote, hoteli za pwani na taa za barabarani, ilizalisha takriban uniti bilioni 7 mwaka huo.

Vingi vya visanduku hivyo, ukibonyeza kitufe cha kuzima, vilichofanya ni kupunguza mwanga wa saa. Basi. Ndani kila kitu kiliendelea kuchemka. Na mtumiaji hakuwa amekichagua kisanduku. Alipewa na kampuni ya kebo. Kampuni inachagua, mteja analipa stima. Ni hadithi ileile ya miaka ya 60, imevaa nguo mpya.

Hiyo dekoda ndiyo iliyotuingilia nyumbani mwaka 2015. Kenya ilikuwa inahama kutoka matangazo ya analojia kwenda dijitali. Utakumbuka Februari ya mwaka huo stesheni kubwa zilipotoweka hewani kwa wiki kadhaa. Mjadala ulikuwa moto: nani apewe leseni ya kusambaza mawimbi, nani abebe vipindi vya nani, dekoda iuzwe ngapi. Yote yalikuwa maswali ya haki. Sikumbuki mtu akiuliza hicho kisanduku kitakula stima kiasi gani kikiwa kimezimwa. Kwa muda mfupi nyumba zilizokuwa na TV peke yake zikawa na mashine mbili zinazokesha.

Mwaka 2016 serikali ilitoa kanuni za ufanisi wa vifaa vya umeme, zile zilizoleta kibandiko chenye nyota kwenye friji. Zilianza na friji, viyoyozi, mota za viwandani na aina fulani za taa. Ilikuwa hatua nzuri kweli. Ila kwenye orodha hiyo ya mwanzo hakukuwa na televisheni, hakukuwa na dekoda, wala hakukuwa na wufa.

*

Sasa nije kwenye kitu ambacho sisi tunacho na Mmarekani hana. Kiko ukutani.

Soketi ya Marekani haina swichi. Ukitaka kukata stima, uchomoe plagi. Yetu ni ya Kiingereza, yenye matundu matatu ya mstatili, na karibu kila moja ina swichi yake pembeni. Kiwango chake kinaitwa BS 1363 na kilitolewa mwaka 1947. Wakati Uingereza ilipokuwa inajiandaa kujenga upya nyumba zilizobomolewa na vita, kamati ya watu 20 ilikaa kuamua nyumba mpya ziwe na umeme wa namna gani. Mwanamke alikuwa mmoja tu, Caroline Haslett, mhandisi na mkurugenzi wa chama cha wanawake cha mambo ya umeme. Kamati ilitilia mkazo usalama, hasa wa watoto, na ndiyo maana tundu la juu lazima lisukumwe kwanza ndipo yale mawili ya chini yafunguke. Fundi asiye na plagi sahihi hulifungua kwa bairo, si unajua. Swichi yenyewe haikulazimishwa na kiwango hicho, lakini ilizoeleka, na ikaja hadi kwetu na mabomba, reli na kodi ya kichwa.

Hivyo tukarithi kitu adimu: kitufe ambacho bado kinamaanisha kuzima. Kile cha rimoti kinazimisha TV kama mgonjwa. Cha ukutani kinakata.

Wazazi wetu walikitumia, na si kwa sababu ya kutunza mazingira. Stima ikipotea na kurudi kwa nguvu, inaunguza. Mvua ikianza na radi, kila kitu kinazimwa ukutani. Ilikuwa hofu, lakini hofu iliyookoa uniti bila kujua. Sisi tulio kwenye bedsita tumeipoteza hiyo tabia kwa sababu inayoeleweka: soketi ni mbili, vifaa ni saba, kila kitu kimepandana kwenye ekstensheni moja nyuma ya kabati, na dekoda ukiizima kabisa inachukua dakika nzima na zaidi kuamka. Mtengenezaji amefanya kuzima kuwe adhabu.

Nimewahi kuishi kwenye ploti ya nyumba 10 zilizotumia mita moja. Kila mwezi tunachanga, kila mwezi kuna ugomvi. Mwishowe kukawekwa sheria: hakuna pasi, hakuna koili, hakuna hita ya maji. Mama mmoja aliyepiga pasi sare za watoto asubuhi alisemwa mpaka akaacha, akawa anazikunja chini ya godoro. Hakuna aliyewahi kutaja kilichokuwa nyuma ya makabati yetu.

Tufanye hesabu ambayo hatukufanya wakati ule. Tuseme kila nyumba ina dekoda inayongoja kwa wati 10, wufa wati 5 na TV wati 1. Jumla wati 16. Ni mfano tu, lakini si mfano wa kutia chumvi. Kwa siku moja hizo ni uniti 0.38. Pasi ya wati 1,000 kwa dakika 20 ni uniti 0.33. Yaani kila nyumba, hata ile yenye mtu aliyesafiri ushago, ilikuwa inakula kwa siku zaidi ya kile ambacho yule mama alikula kwa sare za watoto wake. Nyumba zote 10 kwa mwezi ni uniti 115. Ukihesabu uniti kwa shilingi 25, hiyo ni karibu shilingi 2,900, kila mwezi, kwa kutotazama chochote. Pasi ilionekana. Ina joto, ina mvuke, ina mtu ameishika. Dekoda haina mtu.

Najua kuna atakayesema stima yetu si ya makaa ya mawe. Sehemu kubwa inatoka mvuke wa Olkaria, mabwawa, na upepo wa Turkana. Kweli kabisa, na sitadai kitaa chako chekundu ndicho kinachoyeyusha barafu ya mlima Kenya. Ila mita haiulizi stima imetoka wapi. Tangu 2023 bei nafuu kabisa ya nyumbani ni ya wanaotumia hadi uniti 30 kwa mwezi. Wati 10 zinazokesha ni uniti 7 kwa mwezi, karibu robo ya hizo 30. Kwa mtu aliye kwenye mpaka, dekoda pekee inaweza kumvusha hadi kundi la bei ya juu, na kila uniti nyingine anayonunua ipande naye. Uvujaji unamuuma zaidi mwenye kidogo.

*

Ukitaka kujua nyumba yako inavuja kiasi gani huhitaji kununua kipimo. Mita ya tokeni ina kitaa kinachomulika, na pembeni imeandikwa kitu kama 1000 imp/kWh. Maana yake inamulika mara 1,000 kwa kila uniti. Usiku zima kila kitu jinsi unavyozima kawaida, kwa rimoti na vitufe, chomoa friji kwa muda kama unayo, halafu kaa mbele ya mita na saa. Ikimulika mara moja kila dakika 6, unavuja wati 10. Kila dakika 3, wati 20. Kila dakika 1, wati 60, na hapo umewafikia watu wa California. Kisha zima soketi moja moja uone ipi inairefusha hiyo dakika. Usianze na chaja ya simu, ingawa ndiyo inayosingiziwa zaidi. Anza na dekoda, wufa, na kiboksi chochote cheusi chenye joto.

Ukimpata mwizi, mpe swichi yake. Dekoda na wufa ziende kwenye ekstensheni yenye swichi, iwekwe mahali mkono unafika bila kusogeza kabati. Ruta unaweza kuiacha kama unaihitaji. Hii si dini.

Lakini sitaki tuishie kwenye kidole chako, kwa sababu historia haikuishia hapo. Popote uvujaji ulipopungua kweli, ulipungua kwa sababu mtu alipima, akatoa namba moja inayoeleweka, na serikali ikamwambia muuzaji: ukizidi hapa, huuzi. Namna ya kupima tayari iko. IEC ilitoa kiwango cha kimataifa cha kazi hiyo, 62301, mwaka 2005. TV nzuri tulizonazo leo ni matunda ya sheria za watu wengine. Ulaya iliandika, kiwanda kikabadilisha, nasi tukafaidika bila kujua. Tatizo ni vile ambavyo haviendi Ulaya: wufa isiyo na jina, dekoda ya bei ya kutupa, spika ya taa za disko. Hizo zinatengenezwa kwa soko ambalo halina anayeuliza, na soko hilo ni sisi.

Vile vibandiko vya nyota kwenye friji vinathibitisha kwamba Kenya inajua kuuliza. Kilichobaki ni dekoda iongezwe kwenye orodha, ipimwe ikiwa imezimwa na si ikiwa imewaka tu, na namba iandikwe juu ya boksi mahali mnunuzi wa River Road au Luthuli ataisoma kabla ya kulipa. Mpaka siku hiyo, yule mama anastahili pasi yake, na ugomvi wa mita uanze na kilicho nyuma ya kabati.